Seti ya mama imepungua: utafute sahani ileile, ununue mpya, au uchanganye?

Baada ya matanga kule Kakamega mwezi Agosti, tulihesabu vyombo vya mama nyasini, vikiwa vimeoshwa na kuanikwa juu ya gunia. Sahani kubwa zilikuwa 12 alipozinunua, zilibaki 7. Sahani ndogo 10. Sahani za supu 4. Vikombe 5, na sosa zake 11. Birika la chai lilirudi bila kifuniko. Hakuna aliyelaumiwa, maana kwetu vyombo vizuri ndivyo vinavyoazimwa kwanza, na mama hajawahi kumnyima mtu aliyefiwa. Lakini nilimwona akiokota kikombe kilichokatika mkono, akakipangusa kwa ncha ya leso, akakifunga tena katika karatasi yake kana kwamba bado ni kizima.

Seti hiyo ilinunuliwa Njoro mwaka 1964. Baba alikuwa karani wa shamba, na wazungu wa shamba lile walipokuwa wakifunga virago kurudi kwao, walitoa vitu vya nyumba uani wakauza kimoja kimoja. Hivyo ndivyo sahani za Kiingereza zilivyoingia katika kabati nyingi za Nakuru, Molo na Kitale, na wafanyakazi walipostaafu wakazibeba hadi vijijini kwao. Kama kwenu kuna kabati la kioo lenye vyombo visivyoguswa mpaka mgeni aje, huenda historia yake haiko mbali na hii yetu.

Tangu Agosti nimejaribu njia zote ninazozijua za kuijaza seti ile. Nilipofikia ni hapa: vikombe na vifuniko vinafaa kusakwa vilevile, hata kwa taabu, sahani ni afadhali kuzichanganya na nyingine kwa makusudi, na chombo kipya chenye jina lilelile la zamani ndicho kinachodanganya watu wengi. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza lazima ujue unachokitafuta ni nini hasa.

Chini ya rangi ya kucha

Magharibi mwa Kenya kila nyumba huweka alama yake chini ya sahani ili vyombo visipotee kwenye shughuli. Mama aliweka tone jekundu la rangi ya kucha. Jirani yetu huchora mistari miwili kwa rangi ya mlango. Sasa, alama hizo huwekwa katikati ya kitako, palepale penye muhuri wa kiwanda. Kwa miaka yote hiyo sikujua sahani zetu zinaitwaje, kwa sababu jina lilikuwa limefunikwa.

Nililowesha pamba kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha, nikasugua polepole. Tone likaachia, na chini yake pakatokea maandishi ya rangi ya waridi: Old Britain Castles, Johnson Bros, Made in England. Nilikaa nikiyatazama kwa muda mrefu. Kiwanda cha Johnson Brothers kilianzishwa Hanley, Uingereza, mwaka 1883, na nakshi hii ya ngome za kale ilianza kutengenezwa mwaka 1930. Ilitoka kwa waridi na kwa buluu, pamoja na rangi nyingine.

Kuna jambo moja kuhusu nakshi hii ambalo nusura linipotoshe. Kila aina ya chombo ina ngome yake. Sahani kubwa ina ngome ya Blarney, ya Ireland. Sahani ndogo ina nyingine, sosa nyingine. Kwa hiyo ukiona picha ya ngome ambayo huna nyumbani usiseme, "Hii si yetu." Tazama ukingo kwanza. Pambo la ukingoni ndilo linaloonyesha ukoo wa seti. Picha ya katikati inakuambia tu ni chombo gani.

Tarehe kwenye muhuri nazo zinahitaji uangalifu. Herufi Rd No zikifuatwa na tarakimu ni namba ya usajili wa umbo au nakshi huko Uingereza, utaratibu ulioanza mwaka 1884. Zinakuonyesha nakshi iliandikishwa lini, si sahani yako iliokwa lini. Vivyo hivyo vikombe vya Royal Albert vyenye mawaridi mekundu na manjano, Old Country Roses, vina mwaka 1962 chini yake, na wauzaji huusoma kama mwaka wa kuzaliwa kwa kikombe. Huo ni mwaka nakshi ilipotoka. Kikombe chenyewe kinaweza kuwa cha 1995.

Jina la nchi ndilo linalosaidia zaidi. Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, na viwanda vya Uingereza vikaanza kuandika England. Maneno Made in England ni ya karne ya 20 zaidi. Vyombo vya Japani vilivyokwenda Marekani viliandikwa Nippon hadi 1921, kisha Japan, na vilivyo na neno Occupied ni vya miaka ya baada ya Vita vya Pili, hadi 1952. Ukiona maneno yanayohusu mashine ya kuoshea vyombo au maikrowevu, hiyo si sahani ya kale hata kama ina picha ya farasi na magari ya kukokotwa.

Kama muhuri umefutika kabisa, tumia macho na masikio. Washa tochi ya simu nyuma ya sahani na uweke vidole kati ya tochi na sahani. Kauri ile nyembamba, iliyochanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, hupitisha mwanga na utaona kivuli cha vidole vyako. Ya udongo mzito kama yetu haionyeshi kitu. Kisha chukua rula, si futi ya fundi cherehani ambayo hupinda, upime ukingo hadi ukingo. Sahani kubwa za zamani nyingi zina sentimita 25 hivi. Nyingi za sasa hufika 27. Kwa kikombe pima urefu, upana wa mdomo na upana wa kitako, kwa sababu kitako lazima kikae ndani ya kishimo cha sosa bila kucheza. Watu hupima vikombe kwa macho, kisha wanashangaa chai ikimwagika wakati wa kumpelekea mgeni.

Na kama sahani zenu ni zile za buluu zenye daraja, mti na ndege wawili juu, ongeza uangalifu mara mbili. Nakshi hiyo, Willow, ilianza Uingereza karibu mwaka 1790, na viwanda vingi mno vya Uingereza, Japani na kwingineko vimeitengeneza tangu hapo. Jina la nakshi peke yake halikusaidii chochote. Linganisha ukingo, uzio ulio mbele ya picha, na kiza cha buluu yenyewe, na utafute jina la kiwanda kilekile.

Njia ya kwanza: kusaka ileile ya zamani

Hii ndiyo njia ya moyo, nami sikatai. Kisumu naanzia soko la Kibuye Jumapili asubuhi, pale wanapouza vyombo vya mtumba, na maduka ya ex-UK, yaani ya vitu vilivyokwisha kutumika Uingereza. Nakuru nimepata bahati zaidi kwenye nyumba zinazohamwa kuliko sokoni.

Siendi tena mikono mitupu. Nabeba sosa moja ya mama ndani ya leso, maana rangi ya kwenye picha ya simu hubadilika kulingana na jua na kivuli. Mama mmoja anayeuza pale Kibuye, akiniona nikiifungua, alicheka akasema, "Leo dada umekuja sokoni na mtoto wako." Lakini alinielewa, akaniacha niilinganishe sosa ile na kila kilichokuwa kwenye katoni zake.

Kabla ya kulipa, zungusha ukucha polepole ukingoni mwote. Jicho hukosa pengo dogo, ukucha haukosi. Kisha kiweke chombo juu ya ncha za vidole na ukigonge kidogo kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia na mlio ukakaa. Chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni. Nilirudisha sahani mbili nzuri sana kwa ajili ya sauti hiyo.

Soko limenifundisha hivi: kilichovunjika kwenu kimevunjika kwa kila mtu. Vikombe hupotea mikono, vifuniko huanguka, sosa hubaki. Kwa hiyo sosa utazipata kwa bei ya chini popote, na kikombe kimoja kinaweza kukugharimu kuliko sosa sita. Usinunue sosa kwa kuwa tu zimefanana. Mimi nilinunua tatu kwa furaha ya kuziona, na sasa nina sosa 14 kwa vikombe 7.

Ng'ambo kuna maduka yanayoishi kwa kazi hii tu. Kubwa kuliko yote ni Replacements, Ltd. la Carolina Kaskazini, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1981, ambalo lina mamilioni ya vyombo ghalani na huwasaidia watu kutambua nakshi kwa picha. Hata usiponunua kwao, kurasa zao ni kamusi nzuri: utaona picha ya ukingo, umbo la kikombe, na orodha ya vyombo vyote vilivyotengenezwa katika seti yako. Mimi ndipo nilipojua kwamba kile tulichokiita bakuli la maua kilikuwa chombo cha mchuzi.

Kuagiza kwenyewe ndiko kunakouma. Sahani kubwa ya udongo ina karibu nusu kilo. Nauli ya ndege inaweza kushinda bei ya sahani, na ikifika kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 juu yake. Mimi niliagiza vikombe viwili kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kimoja kilifika kizima, kingine kilifika vipande vinne ndani ya karatasi moja ya gazeti. Fedha zilirudishwa baada ya wiki nyingi. Tangu hapo namwomba ndugu anayekuja likizo avibebe katika mkoba wa mkononi, kila kikombe ndani ya soksi nene, mkono wa kikombe ukielekea juu.

Njia ya pili: mpya ya jina lilelile

Baadhi ya nakshi hazijakoma. Blue Italian ya kiwanda cha Spode ilianza mwaka 1816 na bado inatengenezwa Stoke-on-Trent. Old Country Roses ilitengenezwa Uingereza hadi 2002, kisha kazi ikahamia Indonesia. Johnson Brothers nao walihamishia kazi China, na kiwanda chao cha Uingereza kikafungwa mwishoni mwa 2003.

Kwa hiyo mtu anasema: jina ni lile, picha ni ile, nunua mpya umalize. Nimemwona shangazi yangu wa Nakuru akifanya hivyo kwa vikombe vyake vya mawaridi. Alinunua vinne kujaza nafasi ya vinne. Kila kimoja peke yake ni kizuri, sina neno. Lakini vikipangwa pamoja na vya zamani, dhahabu ya ukingoni si ile, mawaridi ya zamani yametulia na mapya yanapiga kelele. Wageni hawasemi. Yeye mwenyewe ndiye asiyeweza kukaa navyo. Amevitenga rafu ya chini.

Ukilinganisha na njia ya kwanza, mpya ina faida ya kweli: haina ufa wa siri, unaweza kununua kadiri unavyotaka, na hukai na wasiwasi wa utando wa kioo wa zamani, ule mng'ao unaofunika udongo. Kwa anayeanza seti yake mwenyewe, ningemwambia anunue mpya bila kusita. Kwa anayejaza ya mama yake, ningemwambia anunue kundi zima kwa pamoja, mathalani vikombe vyote na sosa zake zote, ili vya zamani na vipya visikutane kwenye sinia moja. Vyombo vinavyofanana nusunusu hugombana mezani.

Njia ya tatu: kuchanganya kwa makusudi

Hapa ndipo nilipotatua suala la sahani kubwa. Saba hazitoshi mezani kwetu, na tano nilizozihitaji zingenigharimu nauli ya ndege bila sababu. Nikaamua kuzitafutia wenzao wasio na nakshi kabisa.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilinunua sahani nyeupe pepe, nyeupe kama theluji ya kwenye kalenda, nikaziweka kati ya zile za waridi. Za mama zikaonekana chafu! Ndipo nikagundua kwamba udongo wa zamani si mweupe. Una rangi ya maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi, yenye umanjano kidogo. Nikarudi Kibuye nikitafuta weupe wa aina hiyo, sahani za udongo mzito, sentimita 25, ukingo usio na dhahabu. Nilizipata nane, kutoka viwanda vitatu tofauti, na mezani zinaonekana kama zimezaliwa pamoja. Mama alizitazama, akazipanga mwenyewe: moja ya ngome, moja tupu, moja ya ngome, moja tupu.

Ili kuchanganya kupendeze, kitu kimoja kilingane kikamilifu na kingine kitofautiane waziwazi. Kwetu kilicholingana ni weupe na upana. Kilichotofautiana ni nakshi. Ukichanganya waridi na waridi nyingine iliyo karibu nayo, umerudi kwenye tatizo la shangazi. Wenye seti za buluu wana nafasi kubwa zaidi, kwa sababu buluu ya viwanda mbalimbali huvumiliana kuliko waridi.

Sahani za supu nazo usizidharau. Wengi huziacha sokoni wakidhani ni za wazungu na supu yao, na kumbe kuku wa kienyeji mwenye mchuzi wake anazihitaji kuliko sahani bapa. Nilikuwa na nne. Nimeongeza sita tupu, na sasa ndizo zinazotoka kabatini kila Krismasi.

Nyumba nyingi za hapa zina vyombo vingine ambavyo si kauri wala udongo: vile vyeupe vya kioo kutoka Ufaransa, vilivyoandikwa Arcopal kitakoni kwa herufi zilizoinuka. Hivyo ni vyepesi, vigumu, na maua yake ni madogo. Vinafaa sana kwa matumizi ya kila siku, ila usivichanganye na udongo. Mng'ao wake ni wa kioo na wembamba wake unaonekana kwa mbali.

Kuunga kwa gundi

Nitapita haraka. Chombo kilichoungwa ni cha kutazamwa. Gundi si chakula, na chai ya moto huilegeza. Kikombe chenye mkono wa gundi kinaweza kumwaga maji ya moto mapajani mwa mzee. Kikombe cha mama nilikiunga, kimesimama nyuma ya kioo, na hapo ndipo mwisho wake.

Vyombo vyenye mistari myembamba kama utando wa buibui navyo viwekee mipaka hata kama havijavunjika. Utando wa kioo wa zamani unaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, na ukishapasuka unanyonya mafuta na rangi. Usivitumie kwa ndimu, nyanya au kulaza chakula usiku kucha. Na tafadhali usivitie kwenye Jik kutoa madoa. Huingia chini ya utando na kuubandua kidogo kidogo hadi sahani inakuwa kama ngozi yenye ukoko. Doa la chai juu ya chombo kizima hutoka kwa soda ya kuokea na maji kidogo, ukisugua kwa kidole. Na chenye ukingo wa dhahabu hakiingii maikrowevu.

Kipi kwa nani

Kama umebakiwa na zaidi ya nusu ya seti na unajua jina lake, saka vikombe na vifuniko vya zamani, changanya sahani, na usiwe na haraka. Kama umebakiwa na vyombo vitatu vinne tu, usijaribu kurudisha seti ya watu 12. Fanya seti ya chai ya watu wawili, iwe ya mama na mgeni wake mmoja wa karibu, kisha nunua mpya kwa ajili ya wengine. Kama una harusi mwezi ujao, chagua mpya au tupu, maana ya zamani haitafutiki kwa tarehe. Na kama vyombo vyenu bado huazimwa, kama vyetu, tenga kabisa: vya matanga viwe vya kioo au vya bati, na rangi ya kucha ipakwe pembeni mwa kitako, mbali na muhuri.

Sisi sasa tuna vikombe 7: vitano vya 1964, kimoja kilichofika kizima kutoka ng'ambo, na kimoja cha duka la ex-UK ambacho waridi lake limekoza kidogo, ila huwezi kuliona mpaka nikuonyeshe. Kinachobaki ni kifuniko cha birika. Mdomo wake una sentimita 8 na milimita 3, nimeuandika ndani ya simu na kukata uzi wa kipimo hichohicho nikaufunga kwenye pochi. Jumapili nitakuwa Kibuye kabla ya saa mbili asubuhi, wakati katoni bado hazijafunguliwa.